Wikendi za machipuko Uingereza na watoto wadogo: mwongozo kamili, kuanzia Ijumaa usiku

Kamusi zetu nyingine hulitafsiri jina la Kiingereza la majira haya, "spring", kwa neno "masika". Mtu wa Tanga au Mombasa akisikia masika anafikiria mvua, matope na mwavuli. Uingereza miezi hiyohiyo, Machi hadi Mei, ndiyo miti inapochipua, kwa hiyo hapa tutasema machipuko. Aliyezoea masika hatapotea sana lakini, maana mwavuli bado atauhitaji.

Mwongozo huu ni wa familia changa yenye watoto wa chini ya miaka minane hivi, inayoishi London au pembeni yake, na isiyotaka kumaliza mshahara kwa matembezi. Wikendi nyingi zinazoharibika huharibiwa na baridi, njaa au usingizi wa mtoto, na yote matatu huamuliwa kabla hamjafungua mlango. Ndiyo maana kazi kubwa iko Ijumaa usiku.

Jua la kutazama, si la kuota

Aprili, ukiwa dirishani, jua linawaka kama la Dodoma. Fungua mlango: nyuzi 9, na upepo juu yake. Kwa wastani joto la mchana London ni nyuzi 11 au 12 mwezi Machi, 14 au 15 Aprili, na kama 18 Mei. Usiku wa Aprili hushuka hadi 5 au 6, na asubuhi mnapotoka bado baridi ya usiku haijaisha. Kwa hiyo usivalishe watoto kwa kutazama nje. Fungua programu ya hali ya hewa usome mambo matatu: joto jinsi linavyohisiwa mwilini (hilo limeshahesabu upepo), mvua ya saa kwa saa, na kiwango cha mionzi ya jua (UV). Alama ya siku nzima, ile picha ya wingu lenye matone, haikusaidii. Siku yenye picha hiyo inaweza kuwa na saa nne kavu asubuhi, na saa nne zinawatosha.

Mavazi ni ya tabaka tatu:

1. Fulana ya ndani ya mikono mirefu, inayogusa mwili.
2. Sweta au jaketi jepesi la fliisi.
3. Jaketi la mvua lisilopitisha upepo, kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya hayo mawili.

Suruali ya jinzi iache nyumbani. Ikilowa magotini haikauki mpaka jioni, na mtoto wa miaka mitatu lazima apige magoti kwenye majani yenye umande. Suruali ya kitambaa chepesi, na gambuti zenye soksi ya sufu ndani, zinafaa zaidi. Gambuti pekee na soksi nyembamba ni baridi tupu, kwa sababu mpira hauhifadhi joto.

Kosa la kawaida ni kumvalisha aliyekaa kwenye kigari sawa na anayekimbia. Aliyekaa hatoi joto, hivyo muongeze tabaka moja au blanketi. Kupima ni rahisi: ingiza vidole viwili nyuma ya shingo yake. Mikono na pua za mtoto huwa baridi hata akiwa sawa, kwa hiyo hazisemi kitu. Shingo ikiwa na jasho, vua tabaka moja; ikiwa baridi, ongeza. Bibi akipiga simu ya video ataona mtoto hana kofia na ataanza kulalamika. Mwelekezee kamera shingoni.

Kwenye gari mambo hugeuka. Jaketi nene halivaliwi chini ya mikanda ya kiti cha mtoto, kwa sababu gari likigonga jaketi hubonyea na mkanda unabaki umelegea. Mvue jaketi, mfunge mkanda, kisha mfunike jaketi hilohilo kwa mbele. Sheria ya huko inamtaka mtoto atumie kiti chake hadi afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Kwa viti vinavyopimwa kwa urefu, mtoto hutazama nyuma mpaka apite miezi 15.

Sasa upande wa pili wa jua hili. Halipashi, lakini mionzi yake hupanda kuanzia mwishoni mwa Machi. Kiwango kikifika 3 au zaidi, watoto wapakwe losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 kwenda juu, na wakae kivulini kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Mtoto wa chini ya miezi sita asiwekwe juani moja kwa moja kabisa. Ngozi nyeusi huungua polepole zaidi, lakini huungua. Na usifunike kigari kwa kanga au blanketi ili kumpa kivuli: hewa ya ndani hupata joto upesi, na wewe huoni uso wa mtoto. Tumia mwavuli wa kubana kigarini.

Ngozi hiyohiyo ina jambo jingine. Kwa mtu mweusi anayeishi huko, jua linaweza lisitoshe kutengeneza vitamini D hata wakati wa joto, na ushauri wa afya wa Uingereza ni kwamba watu wa asili ya Afrika wafikirie kutumia mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Watoto wa mwaka 1 hadi 4 wapewe mikrogramu 10 kila siku bila kujali rangi. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama hupewa matone ya mikrogramu 8.5 hadi 10. Anayekunywa zaidi ya mililita 500 za maziwa ya kopo kwa siku hahitaji, kwa kuwa yameshaongezwa vitamini. Machipuko yakifika wazazi wengi huacha matone wakidhani jua limerudi. Msiyaache.

Wikendi ya saa kubadilika

Jumapili ya mwisho ya Machi, saa saba usiku huruka ikawa saa nane usiku. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya oveni na ya gari hazijirekebishi, na ndizo huchelewesha watu kanisani. Tofauti na Afrika Mashariki hupungua kutoka saa tatu hadi mbili. Ukizoea kupiga simu nyumbani saa kumi na mbili jioni ya London, Dar ilikuwa saa tatu usiku. Kuanzia Jumapili hiyo itakuwa saa mbili, na pengine utamkuta mama mezani.

Kwa mtoto shida ni kulala, siyo kuamka. Aliyezoea kulala saa moja jioni, mwili wake sasa utataka saa mbili. Dawa ni kurudisha nyuma muda wa kulala dakika 15 kila siku kuanzia Jumatano: Jumatano saa kumi na mbili na dakika 45, Alhamisi na nusu, Ijumaa na robo, Jumamosi saa kumi na mbili kamili. Jumapili saa mpya itasoma saa moja na mwili utakubali. Sogeza na chakula cha jioni na kuoga, maana mtoto hafuati saa ya ukutani, anafuata tumbo na maji ya moto. Kama mtoto wenu ni wa kuamka alfajiri kupita kiasi, msifanye lolote. Mabadiliko haya yatawapa saa moja ya bure.

Halafu kuna mwanga. Jua la London linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni siku moja kabla, na kama saa moja na nusu siku inayofuata. Mwisho wa Mei ni saa tatu usiku. Kumwambia mtoto wa miaka minne "usiku umeingia" wakati kuna mwanga ni kumfundisha kwamba unasema uongo. Nunueni mapazia mazito mapema Aprili. Cha haraka ni kubandika karatasi ya alumini ya jikoni kwenye kioo: lowesha kioo kwa maji kidogo, bandika, laini kwa kitambaa. Haipendezi, lakini inafanya kazi usiku huohuo.

Ijumaa usiku: dakika arobaini

Fanyeni haya watoto wakishalala, kwa mpangilio huu.

Kwanza, usafiri. Wikendi ndiyo reli hufanyiwa matengenezo, na sikukuu za Pasaka na Jumatatu za mapumziko za Mei (ya kwanza na ya mwisho wa mwezi) ndizo mbaya zaidi. Angalia njia yenu nzima, siyo stesheni mnakoanzia tu. Kama kuna mabasi ya kuziba pengo la treni, ongeza dakika 40 au badilisha mahali.

Pili, chagueni mahali pawili, pa wazi na pa ndani, vyote upande mmoja wa mji. Asubuhi mvua ikigoma kukatika mnageuza bila mjadala.

Tatu, begi. Kwa saa tano za nje na mtoto mmoja wa nepi:

- nepi moja kwa kila saa mbili, na mbili za ziada (jumla tano)
- pakiti ya waipsi iliyojaa zaidi ya nusu. Iliyobaki karatasi nne ni ya kukudanganya
- nguo kamili za kubadili za mtoto, na fulana moja ya mzazi anayembeba
- mifuko mitano ya plastiki kwa nguo mbichi na taka
- mkeka au kitenge, na chini yake kipande cha plastiki: ardhi ya Aprili ni mbichi hata ikionekana kavu
- maji nusu lita kwa kila mtu
- plasta, dawa ya homa ya watoto yenye kipimo chake, kibanio chembamba cha kung'olea kupe
- poti ndogo, kama kuna anayejifunza kuacha nepi

Vyoo ndivyo hugeuza watu njiani. Vya stesheni kubwa za Network Rail (shirika la reli) vimekuwa bure tangu 2019, vya makumbusho ni bure, na maduka makubwa mengi yana chao. Bustanini huweza kufungwa. Mpeleke mtoto chooni kabla ya kuondoka kila mahali, hata akiapa hataki.

Nne, viatu vya wote vipangwe mlangoni. Kiatu kimoja kilichopotea huchukua dakika 15, na kwa dakika hizo basi la kupanda limeshaondoka.

Manunuzi ya wiki nayo yafanyike Ijumaa jioni au Jumamosi. England na Wales, maduka yenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 280 hufunguliwa kwa muda wa saa sita mfululizo tu siku ya Jumapili, ndani ya muda wa saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumapili ya Pasaka hayafunguliwi kabisa. Duka dogo la mtaani litakuwa wazi, kwa bei yake.

Chakula cha kubeba

Kahawa mbili na keki za watoto bustanini zinaweza kumaliza pauni 20 bila mtu kushiba. Bebeni.

Chapati ndiyo mkate bora wa matembezi, kwa sharti moja: ipoe kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo mvuke huigeuza mpira. Kwa wazazi wawili na watoto wawili zinatosha chapati sita, ndani yake yai la kukaanga lililoiva vizuri au maharage yaliyokauka rojo, zikunjwe na kufungwa kwa karatasi ya kuokea. Mandazi hustahimili hata yakikandamizwa begini. Sambusa hulainika, zifungwe kwa karatasi ya kunyonya mafuta, siyo foili.

Pilau inahitaji uangalifu. Wali uliopikwa ukiachwa vuguvugu huzalisha vijidudu vinavyotoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Ukipika Ijumaa, utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe ndani ya saa 24. Safarini ubebwe baridi pamoja na kibarafu cha plastiki, au uwe wa moto kwelikweli ndani ya chupa ya chakula. Chupa hiyo ipashwe kwanza: jaza maji yanayochemka, funga dakika kumi, mwaga, ndipo uweke chakula kinachotoa mvuke na ufunge papo hapo. Asiyepasha chupa hula chakula vuguvugu saa sita mchana na kulaumu chupa.

Chai ya maziwa haikai vizuri: baada ya saa nne ndani ya chupa huanza kubadilika ladha. Beba chai ya rangi yenye tangawizi, na maziwa pembeni. Zabibu mbichi zikatwe vipande vinne kwa urefu kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na karanga nzima wasipewe wa umri huo. Zinapalia.

Nyama choma? Bustani zote za kifalme, Richmond Park, Hyde Park, Greenwich na nyinginezo, haziruhusu jiko wala moto, na halmashauri nyingi nazo hukataza. Majani makavu ya mwaka uliopita hushika moto upesi mwezi Aprili, kabla mapya hayajafunika. Chomeni nyumbani, mbebe ya baridi.

Njiani

Kwa mtoto wa chini ya miaka minne panga saa moja ya kwenda, siyo zaidi. Saa tatu za kuwa pale. Na kurudi kuangukie muda wake wa kulala ili alale kigarini. Mkiondoka saa tatu na nusu asubuhi, mnafika saa nne na nusu, mnaanza kurudi saa saba na nusu mchana. Familia nyingi huondoka saa sita kwa sababu asubuhi ilienda kwenye kufua na madrasa. Basi siku ya madrasa msitoke mbali. Nendeni bustani ya jirani kwa saa mbili na muihesabu imetosha.

London, watoto wa chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye mabasi, na kwenye treni za chini ya ardhi hadi wanne bure wakiwa na mtu mzima mmoja aliyelipa. Nauli ya basi mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unaweza kubadilisha mabasi bila kulipa tena. Kila mzazi aguse mashine ya nauli kwa kadi yake au simu yake: kadi moja haiwalipii wawili. Basi ndilo tunalolipendelea kwa wenye kigari. Ni la polepole, lakini halina ngazi za stesheni, na juu ghorofani watoto hutulia wakitazama mji. Anayetumia kiti cha magurudumu ana haki ya kwanza ya nafasi ya vigari ndani ya basi, kwa hiyo uwe na kigari unachoweza kukikunja kwa mkono mmoja. Kijaribu nyumbani ukiwa umembeba mtoto.

Treni za nje ya mji: chini ya miaka mitano ni bure, miaka 5 hadi 15 nusu nauli. Kadi ya reli ya familia na marafiki, pauni 35 kwa mwaka tangu Machi 2025, hupunguza theluthi moja ya nauli ya wakubwa na asilimia 60 ya watoto. Safari chache za pwani za familia huirudisha, ila lazima angalau mtoto mmoja wa miaka 5 hadi 15 awemo kwenye tiketi.

Mahali, na hatari za kila mahali

*Msitu wa maua ya buluu.* Kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Mei, ardhi ya misitu ya zamani hufunikwa na blubeli, zulia la buluu chini ya miti ambayo bado haijafunga majani. Karibu na London ya mashariki nenda Chalet Wood ndani ya Wanstead Park: njia zimepangwa kwa magogo, kwa hiyo mtoto anaelewa mpaka uko wapi. Mweleze sababu, siyo amri tu. Jani la blubeli likikanyagwa haliwezi tena kujitengenezea chakula, na mmea kutoka mbegu huchukua miaka kadhaa, mara nyingi mitano hadi saba, mpaka utoe ua. Zinalindwa na sheria ya mwaka 1981. Kupiga picha mtoto akiwa katikati ya maua ndiyo uharibifu mkubwa. Mweke njiani, chuchumaa, elekeza kamera chini kidogo, na atatokea kama yumo ndani. Blubeli ina sumu ikiliwa. Kitunguu cha ua la daffodili nacho kina sumu na kinafanana na kitunguu cha jikoni, kwa hiyo kisiwekwe karibu na mboga.

Mwisho wa Aprili, Isabella Plantation ndani ya Richmond Park huwaka rangi za vichaka vya maua vya azalea. Huko kuna kulungu: kaa mbali angalau mita 50, usiwalishe, usisimame kati ya wawili. Kuanzia Mei wanazaa, na mama aliyeficha mtoto kwenye majani hana utani.

Misitu na majani marefu yana kupe. Suruali iingizwe ndani ya soksi. Mkirudi, kagua nyuma ya magoti, kinena, kwapa, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Kwa mabutu au rasta pitisha vidole kwenye kila mstari wa kichwa. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta juu taratibu bila kuzungusha wala kuminya, kisha safisha kwa dawa ya vidonda. Usitumie mafuta ya taa, Vaseline wala kiberiti: kupe akikerwa anaweza kutapika ndani ya jeraha. Tazama mahali hapo kwa wiki kadhaa. Upele wa ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, hujitokeza mara nyingi kati ya wiki 1 na 4, na kwenye ngozi nyeusi hauonekani kama ule mduara mwekundu wa picha. Unaweza kufanana na jeraha la kugongwa. Ukiuona, au mtoto akipata homa na uchovu, nendeni kwa daktari na mtaje kupe.

*Shamba la wanakondoo.* London ina mashamba ya mjini yasiyo na kiingilio. Mudchute, eneo la Isle of Dogs, lina kondoo na mbuzi huku maghorofa ya Canary Wharf yakiwa nyuma yao. Mengi hufungwa Jumatatu, hakikisha kabla. Hapa sheria ni moja na haina nafuu: mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kugusa wanyama au uzio, na tena kabla ya kula. Jeli ya mikono haiui vijidudu vya kinyesi cha kondoo vinavyoharisha watoto. Chupa ya maziwa, kidoli na pasifaya vibaki begini mpaka mtoke, na magurudumu ya kigari yafutwe kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Mama mjamzito asikaribie kondoo wanaozaa wala asiguse wanakondoo wachanga, na nguo au viatu vilivyogusana nao asivifue yeye. Kuna maambukizi yanayoweza kuharibu mimba. Siku hiyo abaki kwenye banda la kuku, au baba aende na watoto.

*Pwani.* Southend-on-Sea iko saa moja hivi kwa treni kutoka Fenchurch Street, na ina gati la burudani refu kuliko yote duniani, kilomita 2.16. Mtu wa pwani yetu hana la kufundishwa kuhusu kujaa na kupwa, lakini ajue kwamba hapo maji yakipwa yanakwenda zaidi ya kilomita moja na kuacha tope, na yakirudi hupitia mikondo nyuma ya aliyetembea mbali. Soma jedwali la maji Ijumaa. Siku za bamvua msivuke mchanga mgumu wa karibu na ukuta. Fikeni muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, ili watoto wapate maji badala ya tope.

Kuogelea, hapana. Bahari huchelewa kupata joto kuliko hewa. Hata Mei maji kwa kawaida hayafiki nyuzi 15, na chini ya hapo baridi humfanya mtu ashtuke na kuvuta pumzi bila kutaka, akimeza maji. Hilo humpata hata aliyekulia Bagamoyo akipiga mbizi. Miguu ndani ya gambuti inatosha. Waokoaji wa RNLI (shirika la kuokoa watu baharini) hawako fukwe zote. Ikitokea dharura, piga 999 na uombe Coastguard (walinzi wa pwani).

Chafya zisizo mafua

Mtoto aliyepiga chafya wiki tatu mfululizo, macho yanawasha, hana homa, huenda ana mzio wa chavua. Miti hutoa chavua kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei. Majani ya nyasi hufuata hadi Julai. Mzio huu unaweza kumpata mtu mwaka wake wa tatu au wa nne huko, baada ya kujisifu kwamba hana. Siku za chavua nyingi anikeni nguo ndani, fungeni madirisha asubuhi na jioni, mpakeni mtoto Vaseline kidogo kuzunguka matundu ya pua ili ikamate vumbi hilo, na akitoka nje aoshwe uso na kubadilishwa nguo. Mfamasia atachagua dawa isiyolaza kulingana na umri. Hamhitaji miadi ya daktari. Mtoto akikohoa usiku au kifua kikipiga mluzi, hapo daktari anahitajika.

Wikendi ya mvua

Makumbusho ya Horniman, Forest Hill, ni bure isipokuwa baadhi ya sehemu, ina ukumbi wa ala za muziki zikiwemo za Afrika, na bustani nje kwa ile nusu saa ya jua itakayojitokeza. Fikeni inapofunguliwa; baada ya saa sita wengine wote wenye mvua nao wamefika.

Au bakini nyumbani mpande. Sukumawiki hupenda hali ya hewa ya huko kuliko watu wengi: panda mbegu mbili kwa kila kikombe cha mtindi kilichotobolewa chini, sentimita moja ndani ya udongo, dirishani, mwezi Machi au Aprili. Ng'oa mche dhaifu. Mei ihamishieni nje kwa nafasi ya sentimita 45, na juu mfunike kwa wavu, la sivyo njiwa watavuna kabla yenu. Mchicha usiharakishwe, mbegu zikiingia udongo baridi zinaoza. Subirini mwisho wa Mei. Konokono wasio na gamba hutoka usiku wa mvua, na mtoto wa miaka mitano mwenye tochi na kopo huwakusanya kwa furaha kuliko dawa yoyote ya dukani.

Jumapili jioni

Kazi ya nusu saa. Gambuti zioshwe na kuwekwa juu chini zikiwa na gazeti ndani, siyo juu ya radieta, maana mpira hupasuka. Chupa za chakula zioshwe na ziachwe wazi. Begi lijazwe nepi na waipsi papo hapo, kwa kuwa litahitajika Jumatano baada ya shule. Sweta na jaketi za shule ziandikwe jina: asubuhi za Aprili mtoto huvaa yote mawili, alasiri huyavua, na kapu la vitu vilivyopotea hujaa kuliko mwezi wowote. Kagueni kupe kabla ya kuoga, siyo baada, taa kubwa ikiwa imewashwa. Halafu fungeni yale mapazia.